Kukopa Biti, Kukopa Kinywa

Kila mara wimbo mpya wa rap unatoka mu Goma ao Bukavu, haumalizi hata siku mbili, mtu tayari anasema: "Huyu amekopie." Mwingine anajibu: "Bote banakopie, hata Bamarekani." Na mjadala unaishia pale. Mimi naona bote bawili wanaenda mbio sana. Kukopa iko, na iko ya namna nyingi, na mu hip-hop hizo namna hazina uzito mmoja.

Tuanze na wimbo wenye ulifikisha rap mu radio za dunia: "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, mwaka 1979. Ndani yake kuna mikopo mbili. Ya kwanza ni muziki: besi ni ya "Good Times" ya kundi Chic, wimbo wa mwaka ule ule, wanamuziki wa studio waliupiga upya. Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic walilalamika, na majina yao yakaandikwa kama watunzi. Ya pili ni maneno. Big Bank Hank hakuwa na mashairi yake. Alichukua ya Grandmaster Caz, rapa wa Bronx, na aliyachukua mazima mazima mpaka mu wimbo anataja herufi moja moja za jina la kisanii la Caz, kama vile ni yake yeye. Caz hakuandikwa popote kati ya watunzi.

Kisheria, mkopo wenye ulileta kelele ni ule wa kwanza. Kwangu mimi mkopo mubaya ni ule wa pili. Juu ya nini? Ile besi ya Chic ilikuwa ya kuchezesha watu mu disko. Hapa imepewa kazi mpya: kubeba sauti za watu batatu karibu dakika 15 bila kuchosha. Ni nyenzo ile ile, lakini kazi imebadilika. Maneno ya Caz hayakupewa kazi yoyote mpya. Kinywa tu ndicho kilibadilika.

Sisi ba agro tunajua sampuli ya udongo: unachimba kidogo, unapeleka maabara, unasoma shamba nzima ndani ya gramu chache. Watengenezaji wa biti nao wanachukua sampuli, sekunde chache za sahani ya zamani, wanazikata, wanazirudia. Mwaka 1991 tribinali moja ya New York ilikata kesi ya Biz Markie, mwenye alichukua sehemu ya wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Hakimu Kevin Duffy alifungua uamuzi wake na amri ya Biblia juu ya wizi, na akapendekeza hata mashtaka ya jinai. Kisha pale, kila sampuli ikawa ya kuombewa ruhusa na kulipiwa. Biz Markie mwenyewe alitoa albamu mwaka 1993 na akaiita "All Samples Cleared!", yaani sampuli zote zimepata ruhusa. Mtu wa kucheka, huyo. Lakini ile namna ya kushona vipande makumi kwa makumi mu wimbo mmoja, kama De La Soul mwaka 1989, ikawa ya matajiri. Albamu yao ya kwanza ilifika kwa majukwaa ya kusikiliza muziki kwa intaneti paka mwaka 2023, juu ya madeni ya zile sampuli.

Ningependa kusema hakimu aliua sanaa, nimalize. Lakini kuna Gregory Coleman. Huyu alikuwa mpiga ngoma wa The Winstons, na mwaka 1969 mu wimbo "Amen, Brother" alipiga ngoma peke yake sekunde karibu sita. Zile sekunde zimeingia mu nyimbo maelfu, za hip-hop na za ngoma za haraka za Uingereza. Coleman alikufa mwaka 2006 bila kupata franga hata moja ya ile kazi. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, alipata kitu mwaka 2015 tu, wakati mashabiki walichanga kwa hiari yao. Donc, mwenye anasema "sampuli iwe bure kwa bote", aniambie kwanza angemwambia nini Coleman.

Turudi kwetu, juu mfano mzuri zaidi naupata kwetu. Kabasele na African Jazz, Januari 1960, Brussels, wakati wa Meza ya Duara: "Indépendance Cha Cha". Wimbo wenye kila mu Congo anajua, hata mwenye hajui tarehe ya uhuru. Sasa angalia jina lake. Cha-cha ni ya wapi? Ni ya Cuba. Sahani za Cuba zilifika Kinshasa, bakubwa bakazikopa, na muziki wa Cuba wenyewe ulibeba mambo mingi yenye watumwa wa pande zetu walienda nayo kule. Nani amekopa kwa nani? Karibu miaka 50 kisha pale, Baloji, mwana wa Lubumbashi mwenye alikomalia Ubelgiji, anachukua wimbo ule ule na kuurapia kwa Kifaransa mu albamu "Kinshasa Succursale". Anaongeza kichwa: "Le jour d'après", na kwa Kiswahili "Siku ya baadaye". Ile furaha ya Kabasele inabaki mu gitaa, lakini juu yake kuna mtu anauliza siku ya kisha sherehe ilikuwaje. Wimbo unajibishana na wimbo. Ukimtoa Kabasele pale, Baloji anabaki na hotuba tu. Na hana haja ya kumficha: hakuna Mkongomani mwenye angedanganyika.

Hapa njo naona kipimo changu. Mu Marekani, Jay-Z akirudilia mstari wa Notorious B.I.G., na amefanya vile mara mingi, ni salamu kwa marehemu, juu kila msikilizaji wake anaujua ule mstari. Kijana wa hapa akichukua mstari wa rapa fulani wa Paris mwenye hapa hakuna anayemjua, kitendo ni kile kile, neno kwa neno, lakini si salamu tena. Anategemea kutojua kwetu. Ukitaka kupima mkopo wako, jiulize: msikilizaji akigundua chanzo, wimbo wako utanona ao utaanguka? Wa Baloji unanona.

Kwa biti za YouTube, mimi siko mkali. Studio ni bei, umeme ni shida, kijana anapakua biti ya bure anajaribu. Asome tu masharti, juu "bure" mingi maana yake ni bure paka siku utaanza kuuza, na sheria yetu ya haki za mtunzi ya tarehe 5 Aprili 1986 iko, hata kama hatuioni ikitembea. Kwenye niko mkali ni kalamu. Mu agro, ukitaka avoka nzuri, unapandikiza: unakata tawi la aina bora, unalifunga juu ya mche wa hapa wenye mizizi inajua huu udongo. Muhogo ni ingine: unakata kijiti, unachomeka, unapata mmea ule ule, na kama mama alikuwa na mozaiki, mtoto anazaliwa nayo. Rap ya kijiti tunayo mingi. Inafika na magonjwa ya kwao: maadui wa mitaa yenye hatujui, bei kwa dola za kule, hata baridi.

Kijana mmoja wa mtaa wetu, petit mwenye sauti nzuri kabisa, alinisikilizisha kazi yake. Mu kuple ya kwanza anatembea usiku mu theluji. Theluji, hapa, chini ya Nyiragongo! Mu ya pili kuna mistari mine juu ya mama yake mwenye anapanga foleni ya bidoni saa kumi ya asubuhi, na jinsi rangi ya bidoni inawapa watu majina. Ile sikuwahi kuisikia popote, na biti ilikuwa ya kupakuliwa kama zingine. Nilimwambia atupe theluji. Akaniambia kuple ya kwanza njo yenye marafiki wanapenda. Wimbo umetoka wiki iliyopita, kuple ya bidoni iko mbele sasa. Theluji ameihamisha tu, iko kwa mwisho.