Akufaaye kwa Dhiki: Urafiki, Rangi na Kazi katika Filamu ya Edge of the City

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii haisemi rafiki huyo afanye nini iwapo kumfaa mwenzake kutamtia yeye mwenyewe hatarini. Suala hilo ndilo kiini cha Edge of the City, filamu ya Kimarekani ya mwaka 1957 iliyoongozwa na Martin Ritt, na kuandikwa na Robert Alan Aurthur kutokana na mchezo wake wa televisheni wa mwaka 1955. Katika mchezo ule, na katika filamu hii pia, Sidney Poitier ndiye aliyeigiza mhusika Tommy Tyler.

Tommy ni nyapara Mweusi wa genge la wapakizi wa mizigo mjini New York. Axel, kijana Mzungu aliyetoroka jeshini, anafika hapo kutafuta kazi. Nyapara mwingine, Malik, anaijua siri yake na kuitumia kumnyang'anya sehemu ya ujira wake. Tommy anamchukua Axel katika genge lake, anamkaribisha nyumbani, anakula naye meza moja pamoja na mkewe Lucy. Hapa msanii amegeuza mazoea ya filamu za wakati wake, kwani Mweusi ndiye mwenye cheo, mwenye nyumba na mwenye hekima, na Mzungu ndiye anayehitaji kufunzwa utu.

Malik, ambaye chuki yake ya rangi haijifichi, hauvumilii urafiki huo. Ugomvi unazuka, na kulabu za kubebea mizigo zinageuzwa silaha. Tommy anapata nafasi ya kumshinda, lakini anamsihi waache. Na katika kusihi huko ndimo anamouawa. Polisi wanapouliza, hakuna aliyeona. Axel naye hakuona.

Tusiharakishe kumlaani. Kunyamaza mbele ya dola ni silaha ya kale ya wavujajasho. Ritt mwenyewe alifungiwa kazi za televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kutuhumiwa ukomunisti, wakati ambapo Wamarekani wengi walishurutishwa kuwataja wenzao. Mtu wa namna hiyo aliijua thamani ya kufunga kinywa. Kwa hiyo hukumu yake ina uzito anapotuonyesha kwamba upo ukimya unaomlinda mwenzako, na upo ukimya unaomzika. Wapakizi wale walimlinda mwenzao mmoja kwa gharama ya mwenzao mwingine, na aliyetolewa kafara alikuwa Mweusi.

Hukumu hiyo inatamkwa na Lucy, aliyeigizwa na Ruby Dee, katika onyesho lililo bora kuliko yote. Axel anampelekea fedha. Mjane anapotambua kwamba kijana huyu anamjua muuaji na amenyamaza, anamkatalia fedha na urafiki pia. Kwetu pia mfiwa hupelekewa rambirambi, na msomaji wetu hahitaji kufafanuliwa uchungu huo. Nani apokee ubani kutoka mkono wa mtu anayemficha aliyemuua marehemu?

Ila kasoro ya filamu iko katika mwisho wake. Axel anamkabili Malik peke yake, anampiga, kisha anamburuta kumpeleka kwenye sheria. Dhamiri yake imeokoka. Lakini imeokoka kwa karo iliyolipwa na maiti ya Tommy. Wapakizi wengine wanabaki watazamaji, na ule mfumo wa unyapara uliomwezesha Malik kula jasho la watu haukuguswa. Mwandishi ameuona ubaya katika moyo wa mtu mmoja, akausahau katika mpango wa kazi yenyewe.

Tuilinganishe na Kuli, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1979, inayowahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Humo pia bandari inaua na ujira unadhulumiwa. Lakini uchungu wa mmoja unakuwa uchungu wa wengi, na wengi hao wanajifunza kusimama pamoja. Mgomo hauwezi kumfufua mtu. Walakini unamfundisha kila aliyesimama kando kwamba naye anahusika.

Hata hivyo tusiitupe filamu hii. Sisi tulirithi ofisi na gati ambamo cheo na mshahara vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Tuliziondoa ngazi hizo katika sheria. Filamu hii inatukumbusha kwamba kula meza moja ni jambo jema na jepesi. Jambo zito huja siku mwenzako anapoonewa mbele ya macho yako, na msimamizi anapouliza ni nani aliyeona.