Nani Mfasiri? Uhakiki wa Sitiari ya Lugha katika Istilahi za Jenetiki

Mwanafunzi wa baiolojia jijini Bujumbura husoma kwa Kifaransa kuhusu ADN na ARN. Mwenzake wa Nairobi husoma kwa Kiingereza kuhusu DNA na RNA. Tofauti hiyo ya vifupisho ni ndogo. Kubwa zaidi ni dosari wanayoshirikiana: lugha zote mbili huuita mchakato wa kuunda protini kwa neno lenye maana ya tafsiri, nacho Kiswahili huelekea kulipokea bila kulihoji.

Sitiari hiyo ina mashiko. Ujumbe wa jeni huandikwa kwa herufi nne, ilhali protini hujengwa kwa asidi amino 20. Kodoni, yaani makundi ya herufi tatu, ni 64. Kati yake 61 huwakilisha asidi amino na 3 huashiria mwisho. Mwaka 1955 Francis Crick alipendekeza kwamba lazima pawepo kiunganishi kati ya mifumo hiyo miwili. Kiunganishi kilichogunduliwa baadaye ni RNA chukuzi: upande mmoja husoma kodoni, upande mwingine hubeba asidi amino. Ndipo ikazoeleka kuifafanua kama mkalimani.

Ufafanuzi huo unapotosha. Mkalimani wa mtaa wa Buyenzi, anayemgeuzia mgeni maneno ya Kirundi kwa Kiswahili, huzijua lugha zote mbili. RNA chukuzi haiujui mzigo wake. Mwaka 1962 François Chapeville na wenzake waliigeuza sisteini, ikiwa tayari imepachikwa kwenye RNA yake, kuwa alanini. Ribosomu haikung'amua, iliweka alanini palipostahili sisteini. Kinachokaguliwa pale ni mchukuzi, si mzigo. Ajuaye pande zote mbili ni kimeng'enya kinachoipachika kila asidi amino kwenye RNA yake, yaani sinthetasi. Baadhi ya vimeng'enya hivyo hata huondoa asidi amino iliyopachikwa kimakosa.

Suala hili si la maneno matupu. Dawa ya mupirocin hudhibiti bakteria kwa kuzuia sinthetasi mojawapo. Tetracycline huizuia RNA chukuzi isishike nafasi yake kwenye ribosomu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba RNA ndiyo mfasiri atakosa lugha ya kutofautisha dawa hizo mbili, na kesho huenda akawa mfamasia.

Hivyo basi, neno "tafsiri" laweza kubaki kuwa jina la mchakato mzima. Lakini fasili ya RNA chukuzi iishie kwenye uchukuzi, na sinthetasi ipewe kidahizo chake chenye kueleza kazi ya kulinganisha. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Wataalamu wake waliosomea sayansi kwa Kifaransa wana nafasi ya kuzipima istilahi zilizotokana na Kiingereza kabla hazijasanifiwa. Istilahi ikishaingia kitabuni, kuing'oa ni kazi ya kizazi kizima.