Kujenga Kilichokwisha Kujengwa

Programu iliyojengwa vizuri mwaka juzi na kuwekwa tayari kwa kusakinishwa itaendelea kufanya kazi leo na kesho. Mwenye haraka angeiacha hapo. Watu wa Debian, mfumo endeshi huria wa Linux, hawaiachi. Kila baada ya muda huchukua msimbo chanzo wa vifurushi vyote vilivyomo ghalani mwao, maelfu kwa maelfu, wakavijenga tena tangu mwanzo ili waone tu kama bado vinajengeka. Faili zinazotoka hutupwa. Wanachokitaka ni logi, yaani maandishi ya kila hatua ya ujenzi.

Kazi hiyo inaonekana ya bure mpaka siku tundu la usalama linapogunduliwa. Siku hiyo msimbo utarekebishwa kwa mistari miwili, na mistari hiyo haitamfaa mtu ikiwa programu yenyewe imegoma kujengwa. Tena Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, imebeba wengi: hata mfumo wa Ubuntu umesimama juu yake. Kwa miaka mingi zoezi la kujenga ghala zima limeandamana na jina la Lucas Nussbaum, mtafiti wa kompyuta wa Ufaransa aliyeuongoza mradi kuanzia 2013 hadi 2015. Ametumia Grid'5000, mtandao wa kompyuta za utafiti nchini kwao, na pia mashine za kukodi za Amazon.

Kila kifurushi hupewa chumba kitupu: mfumo mdogo wenye kompaila na zana chache za lazima, pamoja na vile tu ambavyo kifurushi chenyewe kimeandika kwamba kinavihitaji. Mpishi husahau kuandika chumvi kwa sababu chumvi iko mezani kwake siku zote. Mwingine akipika kwa maandishi yale, chakula kinatoka chapwa. Ndivyo ilivyo kwa mtunzaji wa kifurushi ambaye kompyuta yake imejaa maktaba za msimbo za kila aina. Katika chumba kitupu, alichosahau kukitaja kinajitaja chenyewe.

Ila kusahau ndiyo sababu nyepesi ya ujenzi kushindwa. Inayosumbua zaidi ni pale msimbo haujaguswa na mtu, lakini ardhi iliyo chini yake imesogea. Kompaila ya GCC 10 ilipotoka mwaka 2020, programu za C zilizokuwa zikitangaza kigeu kilekile katika faili kadhaa, na kuachiwa kimyakimya miaka yote, zikakataliwa. GCC 14 ya mwaka 2024 ikaacha kuvumilia kuita funksheni ambayo haijatangazwa. Halafu kuna majaribio ya wakati wa ujenzi yaliyobeba ndani yake cheti cha usalama chenye tarehe ya mwisho: yanapita miaka mitano, kumi, kisha asubuhi moja yanaanguka. Ndugu za hao wajenzi wa Debian, wanaohakikisha kwamba msimbo mmoja ukijengwa mara mbili unatoa faili zilezile, biti kwa biti, huisogeza saa ya ujenzi wa pili mbele kwa zaidi ya mwaka, na vyeti vya namna hiyo hunaswa kabla havijafa.

Mashine hujenga, lakini kusoma kunabaki kuwa kazi ya mtu, na hapo ndipo ninapovua kofia. Logi ya ujenzi inaweza kuwa na maelfu ya mistari. Mstari wa mwisho husema tu kwamba kazi imeshindikana, jambo ambalo kila mtu amekwisha kuliona. Chanzo kimelala mistari mia tatu juu, katikati ya maonyo yasiyo na maana. Tena maktaba moja ikiharibika, huangusha vifurushi hamsini visivyo na kosa. Msomaji mzembe angewaandikia watunzaji hamsini. Msomaji stadi humwandikia mmoja, yule wa maktaba, akamkatia kipande kile cha logi kinachohusika.

Taarifa hiyo hupewa daraja zito, la hitilafu inayozuia toleo kutoka, na saa inaanza kuhesabu. Mtunzaji anapata barua pepe yenye tarehe ambayo kifurushi chake kitaondolewa katika tawi la majaribio, ambamo toleo lijalo huandaliwa. Watunzaji wa vifurushi vinavyokitegemea wanaandikiwa pia, maana vitaondoka pamoja. Ujumbe mmoja tu ukiandikwa kwenye taarifa ile, tarehe inasogezwa mbele. Napenda ustaarabu huu: programu inayoondoa haina hasira, na inatambua kwamba anayejibu bado yupo. Vifurushi vya msingi, ambavyo mfumo hauwezi kusimama bila hivyo, haviguswi na utaratibu huu. Vinasubiri mkono wa binadamu.

Debian 13 ilipotolewa Agosti 2025 ilikuwa na vifurushi 69,830. Zaidi ya 14,100 vilikuwa vipya, na vingine zaidi ya 8,840 vilikuwa vimeondolewa, vikihesabiwa kuwa vimechakaa. Si vyote vilivyoshindwa kujengwa. Vingine havikuwa tena na mtu wa kuvitunza, vingine vilipitwa na wakati. Matangazo ya toleo hutaja idadi ya vilivyotoka sambamba na ya vilivyoingia, bila kuona haya.

Kilichotolewa katika tawi la majaribio pekee hurudi kikirekebishwa. Kilichofutwa hata katika sid, tawi la kuingilia lililopewa jina la yule mtoto mvunja midoli wa filamu ya Toy Story, hupanga foleni upya kama mgeni na kukaguliwa leseni zake. Hitilafu zake zilizofungwa siku kilipoondoka hufunguliwa tena, na anayekirudisha ndiye anayezirithi.