Kujua Kisichohesabiwa

Katika bandari ya Kalemie, ambako reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, karani hodari hadanganywi na wingi wa wapagazi. Gunia tupu lililokunjwa begani haliandiki. Gunia lililorudishwa kushonwa likapita tena, kwake ni moja. Ufundi huo ndio ninaousifu katika programu ndogo iitwayo cloc, ambayo Al Danial aliitoa kwa umma mwaka 2006 ili ihesabu mistari ya msimbo.

Kuhesabu mistari tu kulikuwapo zamani. Amri ya wc imo katika mfumo wa Unix tangu toleo la kwanza la 1971, nayo kwa upande wa mistari huhesabu alama za mwisho wa mstari, basi. Haiulizi mstari umebeba nini. cloc huuliza. Huitambua lugha ya faili kwa herufi za mwisho wa jina lake, na jina lisipokuwa nazo, husoma mstari wa kwanza. Faili mbili zilizofanana kabisa huzihesabu mara moja. Kisha hutenga mistari mitupu, hutenga maelezo ambayo mwandishi amewaachia wanadamu wenzake, na kinachobaki ndicho msimbo. Vyote vitatu huviweka kwenye jedwali, kila lugha na safu mlalo yake.

Mimi huanza na safu wima ya maelezo. Msimbo ukiwa mistari elfu kumi na maelezo hayafiki hamsini, najua atakayerithi kazi hiyo atahangaika, na kijana wa Kalemie anayeombwa kuendeleza programu ya duka au ya zahanati iliyoandikwa na mtu aliyekwisha kuhama ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutaja bei yake. Wala hahitaji intaneti, ambayo kwetu ni ghali: cloc ni faili moja ya Perl, inabebeka kwenye fleshi, na kompyuta kuukuu yenye Linux na Perl huiendesha papo hapo.

Naipenda pia kwa sababu haijikwezi. Maandishi yake yenyewe yanakiri kwamba alama ya maelezo iliyofichwa ndani ya nukuu yaweza kuipoteza, na kwamba mstari wenye msimbo pamoja na maelezo huhesabiwa kuwa msimbo. Fundi anayetaja mipaka ya kipimo chake anastahili kuaminiwa zaidi.

Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alisisitiza mwaka 1988 kwamba mistari ihesabiwe kama gharama, si kama mavuno. Nakubaliana naye kabisa. Ndiyo maana chaguo la cloc ninalolithamini kuliko yote ni lile la kulinganisha matoleo mawili: huonyesha mistari iliyobaki vilevile, iliyobadilishwa, iliyoongezwa na iliyofutwa. Anayelipa waandishi wa programu aanze kusoma hapo kwenye iliyofutwa, kisha amwulize aliyeifuta aliwezaje.