Sifa za Kuta za Kalibu

Miongoni mwa kazi za ujenzi zilizostawi katika nchi za baridi, ipo moja ambayo hadhi yake haimdhihirikii mpita njia, nayo ni kujenga kuta za zege ndani ya kalibu za povu gumu la polistireni, kalibu ambazo hazivuliwi zege likisha kukauka, bali hubaki pande zote mbili za ukuta maisha yake yote, zikizuia baridi isiingie na joto lisitoke. Werner Gregori, mkandarasi wa Kanada, aliomba hataza ya kalibu ya namna hiyo mwaka 1966. Yake ilikuwa na kimo cha inchi 16 na urefu wa inchi 48, na kingo zenye ulimi na mfuo ili moja ishikamane na nyingine.

Aitazamaye kazi hii kwa mara ya kwanza aghalabu huidhania rahisi, kwani kalibu mtu huzibeba kwapani. Lakini wepesi huo ndio mtihani wenyewe. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa kadiri ya kilo 2,400, na povu la ujazo huo halifikii kilo 40. Tena zege bichi, maadamu halijashika, husukuma kando kama maji, na nguvu yake huzidi kwa kadiri kina chake kinavyozidi. Kukifanya chepesi kihimili kizito kunataka stadi moja juu ya zote, yaani taratibu.

Kwa hiyo fundi hodari hutumia siku nyingi kuziandalia saa chache za kumwaga. Hupima safu ya kwanza pembe kwa pembe, hulaza nondo katika vishikizo vya plastiki viunganishavyo pande mbili za kalibu, hupishanisha viungo vya kila safu na vya safu iliyo chini yake, husimamisha viegemeo, kisha huvuta uzi juu ya ukuta toka pembe hii hata pembe ile, apate kuuona upindaji hata uwe mdogo namna gani.

Siku ya kumwaga, hajazi mahali pamoja mpaka juu, bali huizungusha pampu nyumba nzima kwa vina vya kama futi 4, ili zege la chini lianze kushika kabla la juu halijaja. Chini ya dirisha, ambapo zege hupenda kuacha pango, huzamisha mashine ya kutetemesha, kisha hugonga povu kwa kiganja na kutega sikio: mlio mtupu humwambia pana uwazi, mlio mzito humwambia pamejaa. Zege lingali bichi, huutazama uzi tena na kukaza skrubu za viegemeo mpaka ukuta usimame wima. Maana likisha kushika, hakuna dua wala nyundo itakayounyosha.

Baadaye nje hupigwa lipu, ndani hufunikwa kwa bodi za jasi zilikingazo povu na moto, na kazi yote husitirika. Kwa insafu, wakaao humo wakati wa theluji na wajue kwamba ujoto wanaoufurahia haukutokana na povu na saruji peke yake: wana deni la shukrani kwa mtu aliyeunyosha ukuta wao wakati ungali unanyosheka, na aliyesikiliza kila pango kabla halijafungwa milele.