Dalali na Dalili: Uhakiki wa Matangazo ya Ardhi ya Madalali Wazee katika Mitandao ya Kijamii

Neno dalali tumelirithi kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uleule uliotupa neno dalili. Kwa asili, basi, dalali ni mtu aonyeshaye njia. Katika miji ya pwani alijulikana zaidi kwa sauti yake, kwani ndiye aliyesimama mnadani akiitaja bei mbele ya watu wote mpaka ikamkomea mnunuzi mmoja. Baadaye neno lilipanuka likamchukua pia mtu wa kati auzaye viwanja na majumba. Katika makala haya nakusudia kuyachunguza maandishi ya dalali wa aina hii ya pili, na hasa yule aliyekwisha kula chumvi nyingi, aliyejifunza kazi yake kwa mdomo, barazani na mikahawani, na ambaye siku hizi hana budi kuyaweka maneno yake katika Facebook au kuyatuma katika vikundi vya WhatsApp.

Najua wako wenzangu watakaouliza kama maandishi hayo yastahili nafasi katika jarida la lugha. Sisi ambao hatukuona haya kuyahakiki maandishi ya kanga na ya migongo ya matatu, sioni tutalikwepaje tangazo la kiwanja, ambalo husomwa na watu wengi kuliko diwani yoyote iliyopata kuchapishwa nchini, na ambalo msomaji wake huweza kutoa akiba ya miaka ishirini kwa sababu ya sentensi moja.

Tuanze na sentensi hiyo moja. Mtu wa Mombasa akiandika kwamba nyumba inauzwa Kisauni, yenye vyumba sita, ukumbi na uani, ameandika Kiswahili kisichokuwa na kosa. Hata hivyo, kila mkazi wa Majengo, Likoni au Changamwe anajua kwamba katika mji huo nyumba ni kitu kimoja na ardhi ni kitu kingine. Tangu zamani za ukoloni watu wengi wamejenga juu ya ardhi isiyokuwa yao, wakamlipa mwenye shamba kodi ya ardhi, na kuta tu ndizo zikawa mali yao. Mtindo huo huitwa nyumba bila ardhi. Barazani, dalali hakuhitaji kulifafanua jambo hilo, kwa sababu mtu aliyeketi mbele yake angeuliza kabla kahawa haijapoa: na ardhi, je? Swali hilo lilikuwa sehemu ya tangazo. Tangazo la mdomo lilikuwa ni nusu ya mazungumzo, na nusu ya pili ilikuwa kinywani mwa msikilizaji.

Jamaa yangu mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika nchi za Ghuba aliiona nyumba ya namna hiyo katika simu yake, akaipenda picha yake, akaipenda zaidi bei yake, akatuma fedha. Aliporudi alitambua kwamba alikuwa amenunua mawe, mabati na milango. Alipomwendea dalali, mzee wa makamo ya baba yake, alijibiwa kwa upole: “Mwanangu, hukuniuliza.” Jamaa yangu aliyachukua maneno hayo kuwa ni ufidhuli. Mimi nayaona kuwa ni maelezo sahihi ya kanuni ya utanzu, japo hayamrudishii mtu senti yake. Mzee yule alilihamisha tangazo kutoka barazani hadi kwenye kioo cha simu bila ya kumhamisha muulizaji, naye hakutambua kwamba pasipo muulizaji maneno yake yalikuwa yamebadilika maana.

Hebu tukitazame kitenzi chenyewe. “Inauzwa” ni kauli ya kutendwa, na sarufi yetu inamruhusu msemaji kuitumia bila ya kumtaja mtenda. Nani auzaye? Je, ni mwenye nyumba, mmoja wa warithi, au mtu aliyepewa namba ya simu na mtu aliyepewa na mwingine? Katika mnada wa zamani mtenda hakuhitaji kutajwa, maana alikuwa amesimama pale pale. Katika maandishi kutotajwa kwake ni pengo, na pengo hilo ndilo wanalopitia walaghai. Kadhalika yatazame maneno “hati iko tayari”, ambayo huonekana katika takriban kila tangazo la viwanja vya Kitengela, Ngong au Juja. Wanasarufi tumewafundisha wanafunzi kwamba -po huonyesha mahali maalumu na -ko mahali pasipo dhahiri. Mzee wa pwani bado husema “hati ipo”, na ukimwuliza ataitaja sanduku ilimofungiwa. Mwenzake wa bara husema “iko”, kama wasemavyo wengi huko kwa kila kitu, na simlaumu kwa lahaja yake. Ila sijapata kuona mofimu ndogo namna hii iliyosema kweli kubwa namna hii.

Matangazo ya bara yana fomula zake, na mhakiki wa fasihi simulizi atazitambua mara moja kwa jinsi zinavyorudiwarudiwa: udongo mwekundu, maji na umeme vimefika, mita mia mbili kutoka lami, bei ya kuongea kidogo, kutembezwa ni bure. Fomula hizi hazina kazi ya kueleza kiwanja. Kazi yake ni kuashiria kwamba hili ni tangazo la kiwanja, kama vile mwanzo wa ngano unavyoashiria ngano. Mita mia mbili hazikupimwa na mtu. Lami yenyewe haitajwi ni ya barabara ipi.

Lakini tusimpambe mzee kupita kiasi. Kuna wahakiki ambao kila kilicho cha mdomo na cha kale kwao ni safi, na kila kilichoandikwa jana ni kichafu. Chukua ile iitwayo thumuni ya eka. Eka moja ni futi za mraba 43,560, na thumuni yake ni futi 5,445. Kiwanja kinachouzwa kwa jina hilo, cha hamsini kwa mia, ni futi za mraba 5,000. Futi 445 zimemezwa na neno, nazo hazikumezwa na Facebook. Madalali wa kizazi cha karatasi na kalamu walikuwa wakiiita hamsini kwa mia thumuni, na wanunuzi wakaitikia. Mtandao umeurithi uongo huo ukiwa tayari umekomaa, ukauandika kwa herufi kubwa.

Kilichobadilika kwa hakika ni bei. Dalali wa mnadani alikuwa dalali kwa sababu aliitaja bei hadharani. Siku hizi mtu huweka picha kumi za nyumba, watu arobaini wakauliza bei hapo chini, naye akawajibu wote kwa neno moja, kwamba waje faraghani. Kila mmoja ataambiwa yake peke yake. Katika matangazo niliyoyasoma, wenye kushika desturi hii zaidi ni vijana. Wazee wengi wangali wakiiandika bei waziwazi, pengine kwa mazoea ya kinywa kuliko kwa uadilifu. Vijana huwacheka na kusema kwamba hawajui biashara ya kisasa. Kwangu mimi hapa ndipo mzee alipo karibu zaidi na asili ya jina lake: hiyo bei iliyotajwa ni dalili, na pasipo dalili dalali ni mpita njia mwenye simu.

Hata mwanzo wa utungo humtambulisha. Kijana huanza na kitu: kiwanja, mahali, bei ikiwapo. Mzee huanza na watu. Atatoa salamu, atawaombea wanakikundi afya, atawapa pole waliofiwa, na mara nyingine ataeleza kwanza yeye ni nani na amekaa mtaa ule miaka mingapi, ndipo afike kwenye nyumba ambayo mahali pake atapaeleza kwa msikiti, kwa mwembe, au kwa jina la marehemu fulani aliyejulikana na wote. Msomaji asiyeujua mtaa hataambulia kitu. Kwa kipimo cha biashara hiyo ni kasoro. Kwa kipimo cha ukweli ni kinga, maana mtu aliyejifungamanisha na msikiti, mwembe na marehemu hawezi kutoweka kesho kwa kubadilisha namba ya simu.

Lililonivutia kuliko yote ni ujumbe wa sauti. Mzee ambaye kidole chake hakizimudu herufi ndogo za simu amegundua kwamba anaweza kukibonyeza kitufe cha WhatsApp akasema. Walter J. Ong, katika kitabu chake cha mwaka 1982, aliuita usimulizi unaotegemea vyombo vya umeme kuwa usimulizi wa pili, naye aliandika akiwa na redio na televisheni mbele yake. Sidhani kwamba maelezo yake yanatosha hapa. Redio husema na umma. Mzee wetu hunong’ona na kikundi anachokijua, hukohoa, hujisahihisha, humkemea mjukuu apunguze sauti, kisha huendelea. Katika sauti hiyo mna mengi ambayo maandishi yaliyanyima: kusita kabla ya kutaja hati, haraka katika kutaja mpaka. Msikilizaji mwenye sikio la pwani huzisoma dalili hizo. Wahakiki wa ushairi waliokesha wakibishana juu ya mashairi huru katika miaka ya 1970 wangenufaika kuzisikiliza sauti hizi, kwani mizani iliyomo ni ya pumzi.

Hapa pana mgongano wa sauti na sheria. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, katika kifungu cha 3(3), hutaka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi, na sahihi hizo zishuhudiwe. Sheria ya Mawakala wa Majumba ya mwaka 1984 nayo humtaka wakala asajiliwe. Hivyo utungo ambamo mzee ana uwezo mkubwa zaidi wa kusema kweli, yaani sauti yake, wenyewe haumfungi mtu. Na ule umfungao mtu huandikwa na wakili, aghalabu kwa Kiingereza, ambacho pengine muuzaji na mnunuzi wote wawili hukisoma kwa taabu. Tangu mwaka 2021 serikali imekuwa na mfumo wa Ardhisasa wa kutafutia taarifa za ardhi kwa njia ya intaneti, na hilo ni jema. Lakini mfumo huo hujibu tu linaloulizwa, na aliyefundishwa na tangazo kutokuuliza hatajua la kuuliza.

Pana pia suala la mtunzi. Matangazo mengi ya wazee huandikwa na wajukuu. Mzee husema, mjukuu huchapa, na katikati salamu hudondoka, mwembe hudondoka, bei hufichwa, na picha ya machweo huongezwa. Nimepata kuusikiliza ujumbe wa sauti wa mzee mmoja na kuusoma, siku hiyo hiyo, utungo uliochapwa na mjukuu wake juu ya nyumba ileile. Katika sauti mzee alisema wazi kwamba ukuta wa nyuma una ufa na kwamba kuna dada mmoja bado hajaridhia kuuza. Katika maandishi nyumba haikuwa na ufa wala dada.

Kando ya barabara zetu kumekuwa na utungo mwingine, wa zamani kuliko simu, uliopakwa rangi juu ya mageti na kuta: shamba hili haliuzwi. Sijui utungo mwingine wa Kiswahili uliojengwa kwa kukanusha tu, unaomjibu mtu ambaye bado hajasema. Mwenye shamba huuandika kwa sababu anajua kwamba mahali fulani, bila idhini yake, kitenzi kile kimekwisha kutamkwa bila mtenda. Siku hizi picha za mageti hayo zimeanza kuonekana katika vikundi vya WhatsApp, zikitumwa na wazee kwa wazee wenzao, bila neno lolote chini yake.