Vazi na Sauti: Filamu ya Funny Face kwa Macho ya Leo

Filamu ya Funny Face, iliyoongozwa na Stanley Donen mwaka 1957, imezoeleka kusifiwa kwa fani yake: nyimbo za George na Ira Gershwin, mavazi ya Hubert de Givenchy na jicho la mpigapicha Richard Avedon. Sifa hizo inazistahili. Hata hivyo, anayeitazama leo akiwa Thika au Ruiru hana budi kuuliza swali la maudhui: je, vazi linampa Jo Stockton sauti au linamnyang'anya?

Jo, anayeigizwa na Audrey Hepburn, huuza vitabu na kupenda falsafa. Watu wa jarida la mitindo wanalivamia duka, wanamfungia nje, kisha wanamgeuza mwanamitindo. Falsafa anayoifuata Paris ni dhihaka ya udhanaishi, na profesa wake anadhihirika kuwa mtongozaji tu. Hii ndiyo hila ya msuko: akili ya mwanamke inapewa mwalimu mbaya ili ndoa ionekane kuwa jawabu. Naye mpenzi ni Fred Astaire, aliyemzidi Hepburn kwa miaka 30.

Haki itendeke, lakini. Maggie Prescott, mhariri wa jarida, anawaamuru wanawake wote wavae rangi ya waridi ilhali yeye mwenyewe haitaki. Hapo filamu inaifichua biashara yake yenyewe. Aidha, Jo anapocheza ndani ya kilabu cha Paris, amevaa nguo nyeusi alizojichagulia kabla hajapambwa na yeyote. Hapo ndipo mwili wake unaposema kwa uwazi zaidi.

Thika ni mji ulioijua nguo tangu ikiwa uzi, katika viwanda kama Thika Cloth Mills. Na tangu soko lifunguliwe miaka ya 1990, mitumba imeviumiza viwanda vya nguo nchini. Mtazamaji wa hapa huona upesi kwamba washonaji hawakutungiwa wimbo. Tena anaijua leso, vazi ambalo mvaaji hulichagua kwa maneno yake. Jo hakupewa leso.

Tusiitupe filamu hii, tuifundishe. Katika mjadala wetu Ruiru, mwanafunzi mmoja aliuliza: 'Vile vitabu vyake viliishia wapi?' Filamu haijibu, na kimya hicho ndicho msimamo wake.